Mpira wa Kuanzishia Unapokuhangaisha: Dalili, Chanzo na Marekebisho

Pita kwenye korti yoyote ya tenisi hapa Nairobi Jumamosi asubuhi. Watu wawili wamelipia saa moja, na robo ya saa hiyo inaishia kuokota mipira. Kucheza wanajua, kinachowashinda ni kuanza. Mmoja anaangusha mpira, anaupiga, unalala wavuni. Anachukua wa pili, unapaa hadi kwenye ua. Wa tatu unaingia, ila kwa kasi ambayo mwenzake anauwahi kwa fremu tu.

Mpira wa kuanzishia rali, yaani kupigiana mpira mfululizo, una kazi moja: kumpa mwenzako mpira ambao angejichagulia mwenyewe. Na ukiharibika, mara nyingi kosa haliko kwenye mkono wenye raketi. Liko kwenye mkono unaouachia mpira. Kwa hiyo kabla hujabadilisha mshiko au kuanza kutafuta raketi nyingine, chunguza kwa mpangilio huu: mpira wenyewe, mkono wa kuachia, mahali raketi inapokutana na mpira, uso wa raketi, na nguvu mwisho kabisa. Wengi huanzia kwenye nguvu, wakapunguza na kuongeza mchana kutwa, na mpira ukabaki vilevile.

Maelezo yafuatayo ni ya anayepiga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande.

Mpira mzuri ukoje

Simama hatua moja nyuma ya mstari wa nyuma. Wavu una urefu wa sentimita 91.4 katikati na mita 1.07 kwenye nguzo. Mpira wako uupite kwa mita 1 hadi 1.5, kisha udunde mita 1 hadi 2 baada ya mstari wa sevu wa upande wa pili. Mstari huo uko mita 6.40 kutoka wavuni, kwa hiyo mpira utakuwa umesafiri kama mita 21. Ukidunda hapo kwa mwendo wa wastani, unamfikia mwenzako aliyesimama karibu na mstari wake wa nyuma ukiwa usawa wa kiuno, na ana nafasi ya kupiga hatua mbili kuelekea kwake.

Namna bora ya kujipima ni kutazama miguu ya mwenzako. Akilazimika kukimbia mbele, mpira ni mfupi. Akirudi nyuma kwa visigino, ni mrefu au umepaa mno. Akijinyoosha pembeni, umekosa mwelekeo. Miguu yake ikitulia, mpira wako ulikuwa mzuri, hata kama yeye aliupiga nje.

Anza kwa kupima mpira

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na jambo hili huwaumbua watu kuliko wanavyotarajia. Shinikizo la hewa hapa ni pungufu ya lile la pwani kwa karibu sehemu moja ya tano. Mpira wa kawaida uliofungwa kwenye kopo lenye hewa umetengenezewa sehemu zilizo usawa wa bahari. Ukifunguliwa hapa, hewa ya ndani inasukuma zaidi kuliko ya nje inavyozuia, kwa hiyo unadunda juu zaidi. Tena hewa yenyewe ni nyepesi, haiukamati mpira ukiwa angani. Mchezaji aliyetoka Mombasa na mkono uliozoea kule atapeleka mipira yake ya kwanza nje kwa mita nzima au zaidi, na atadhani amesahau kucheza.

Sheria za tenisi za kimataifa zinalitambua jambo hili. Kuna mpira maalumu wa sehemu zilizo juu ya mita 1,219. Ukiangushwa kutoka sentimita 254 katika kipimo rasmi, unadunda hadi sentimita 122 hadi 135, ilhali wa kawaida unafika 135 hadi 147. Kopo lake huandikwa High Altitude. Kuna pia mipira isiyotegemea shinikizo la ndani, ambayo hudumu muda mrefu na hufaa sana kwa kapu la mazoezi. Ukinunua mipira, soma kopo kabla ya kulipa.

Kipimo cha nyumbani ni hiki: shika mipira miwili usawa wa bega, iachie pamoja kwenye saruji, utazame inakofika. Mpira mzima ukiangushwa kutoka sentimita 140 hurudi hadi sentimita 75 hivi, au zaidi kidogo. Ukiona mmoja unabaki chini ya mwenzake kwa zaidi ya upana wa kiganja, utoe kwenye mfuko. Kuchanganya mpira mpya, mpira wa mwezi mmoja uliopita na mpira uliolala nje kwenye mvua ndiko kunakomfanya mtu aamini kwamba mkono wake hautulii, kumbe mkono uko sawa na mipira ndiyo mitatu tofauti.

Mpira unaingia wavuni

Kabla ya kurekebisha chochote, tazama umegonga wapi. Ukigonga utepe mweupe wa juu, hauna tatizo kubwa: inua shabaha yako. Chagua kitu kilicho nyuma ya korti, tawi la mti au nguzo ya ua, kilicho juu ya kichwa cha mwenzako, upige kuelekea hapo. Ukigonga nusu ya chini ya wavu, tatizo liko kwenye mahali pa kukutana na mpira, na chanzo ni kimoja kati ya hivi vinne.

Cha kwanza ni kuuchelewa. Mpira ukifika kilele cha mdundo wake huwa kama umesimama. Sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya kilele unakuwa umeshuka sentimita 5 tu. Lakini ukichelewa sehemu tatu za kumi, umeshuka sentimita 44. Kama kilele kilikuwa usawa wa nyonga, sasa unaupiga ukiwa chini ya goti, na lazima uuinue karibu wima ili uvuke. Upige kileleni, au mara tu unapoanza kushuka.

Cha pili ni haraka, kinyume cha hicho. Mtu anaachia mpira na kuupiga ukiwa bado unapanda, karibu na ardhi. Ukiuachia usawa wa bega, mpira huchukua nusu sekunde kufika chini na karibu nusu nyingine kufika kileleni. Una karibu sekunde nzima, na hiyo ni nyingi. Hesabu kwa sauti: "achia, dunda, piga." Neno "dunda" litoke mpira unapogusa ardhi kweli, si unapodhani umegusa. Wanaoanza wengi hutamka "dunda" na "piga" kwa pumzi moja. Ukiwasikiliza tu, hata bila kuwatazama, unajua mpira umekwenda wavuni.

Cha tatu ni uso wa raketi uliofunga. Simamisha raketi mahali unapokutana na mpira, kisha itazame. Nyuzi zikielekea ardhini hata kidogo, mpira utashuka. Zinapaswa kuelekea mbele na kufunguka juu kidogo sana. Mshiko uliozunguka sana chini ya mpini, ule wa kupigia topspini kali (mpira unaojizungusha kwenda mbele), ndio hufunga uso katika mpigo wa polepole kama huu. Kwa mpira wa kuanzishia, rudisha kiganja nyuma ya mpini, kama unayesalimiana na raketi kwa mkono. Rali ikishaanza, rudi kwenye mshiko wako.

Cha nne ni kuinua kichwa mapema ili kuona mpira unakwenda wapi. Bega hufuata kichwa, raketi ikafuata bega. Dawa yake ni kubaki ukitazama mahali ulipoupiga mpaka usikie sauti ya nyuzi, ndipo utazame mbele. Mpira hautapotea.

Mpira unatoka nje kwa nyuma

Ukiwa umeshahakikisha mpira si mpya uliotengenezewa usawa wa bahari, tazama unavyovuta raketi nyuma. Mtu anayevuta raketi mpaka nyuma ya mgongo wake ana nguvu nyingi asizozihitaji, na njiani anaanza kuzipunguza. Kupunguza nguvu katikati ya mpigo ndiko kunakoharibu mpangilio wote, kwa sababu kila mara anapunguza kwa kiasi tofauti. Weka raketi nyuma tayari kabla hujaachia mpira, kichwa chake kikiwa usawa wa kiuno na kisipite nyonga ya nyuma. Kutoka hapo, sukuma kwenda mbele na juu bila kusita, umalizie raketi ikiwa usawa wa bega la kushoto. Safari fupi iliyokamilika inatulia kuliko safari ndefu iliyokatwa.

Kama bado unatoka, angalia urefu wa mahali unapoupigia. Waliozoea kuurusha mpira juu kabla haujadunda hujikuta wakiupiga usawa wa kifua, na uso wa raketi ukiwa umefunguka. Acha kuurusha. Uachie tu.

Mpira unakwenda pembeni

Hapa ndipo mkono wa kuachia unapojionyesha wazi. Ukiupiga mpira ukiwa umekaribia mwili au umepita nyuma, raketi inakuwa haijafika mbele, na mpira unakwenda kulia kwako, yaani bekihendi ya mwenzako (upande usio wa mkono wa raketi) kama naye anatumia mkono wa kulia. Ukiupiga ukiwa mbele mno, unavutwa kushoto. Mtu husema, "Leo siwezi kulenga," na kuanza kupinda kiwiko. Kiwiko hakina hatia.

Fanya jaribio hili kabla ya kupiga mpira wowote. Chukua kifuniko cha plastiki cha kopo la mipira. Simama ubavu, bega la kushoto likielekea wavuni, miguu ikiwa na upana wa mabega. Weka kifuniko sentimita 50 hadi 70 kutoka kwenye mguu wa mbele, kuelekea nguzo ya wavu ya kulia. Nyoosha mkono wa kushoto juu ya kifuniko, usawa wa bega, uachie mpira mara kumi bila kuupiga. Hesabu mara ngapi umegusa kifuniko. Chini ya mara nane, usitafute kosa kwingine, umeshalipata.

Namna ya kuachia nayo ina siri zake. Shika mpira kwa ncha za vidole, usiuzamishe kiganjani. Kiganja kitazame chini au pembeni. Fungua vidole vyote kwa pamoja. Kidole gumba kikichelewa, kinauzungusha mpira, na ukidunda unakata kona kidogo, sentimita 10 au 15, ambazo zinatosha kukuhamisha kutoka katikati ya nyuzi hadi kwenye fremu. Mkono usishuke pamoja na mpira. Ubaki ulipo kwa kitambo baada ya mpira kuondoka, kisha uondoke kupisha raketi. Wanaousukuma mpira chini hupata mdundo wa juu leo na mwingine kesho; wanaouachia hupata mdundo uleule, kwa sababu mvutano wa dunia haubadiliki.

Ukishagusa kifuniko mara nane kati ya kumi, kitoe chini na uanze kupiga. Usipige kikiwa pale, kwa kuwa mpira ukidundia kwenye plastiki unapoteza mdundo wake.

Unaingia, lakini mwenzako hawezi kuurudisha

Hili ni kosa la watu wanaojua kucheza, na ndilo linalochosha zaidi. Mpira umevuka, umeingia, lakini ulikuwa bapa na wa kasi, ukamkuta bado anageuka. Au ulipigwa slaisi, yaani ulikatwa ukazunguka kinyumenyume, ukateleza chini ya raketi yake. Mzunguko wa nyuma ni rafiki wa mpigaji na adui wa anayepokea, hasa akiwa hajapasha mwili moto. Piga mpira wenye topspini nyepesi, au usio na mzunguko kabisa.

Kabla ya kuachia, mwonyeshe mpira: inua mkono, mtazame usoni, subiri alegeze magoti. Akisema "leta," leta. Mpelekee fohendi, yaani upande wa mkono wake wa raketi, kama mita moja kutoka katikati ya korti, isipokuwa amekuomba kingine. Ukicheza na aliyekuzidi umri, muulize mapema, "Mzee, nikuletee upande gani?" Wengi wenye goti bovu au bega linalouma watakushukuru, na rali itadumu.

Kama mwenzako ndiyo kwanza anaanza, mita 21 ni mbali mno kwenu wote wawili. Sogeeni hadi kwenye mistari ya sevu, mpigiane kwa mkono wa polepole mpaka mfikishe mipira kumi mfululizo, ndipo mrudi nyuma hatua mbili mbili. Katika mipira ya wanaoanza, wa kijani una mwendo pungufu ya ule wa kawaida kwa kama robo, wa machungwa kwa nusu, na mwekundu kwa robo tatu. Mtoto wa miaka saba akipelekewa mpira wa kawaida, unampita juu ya kichwa, naye hukata tamaa akidhani ni yeye asiyeweza.

Miwili mizuri, wa tatu unaharibika

Kama kipimo cha mpira na cha kifuniko umevipita, na bado mambo yanakwenda hivi, karibu kila mara ni haraka ya baada ya kosa. Umepiga wavuni, umeona aibu, umechukua wa pili ukiwa bado unatembea. Weka utaratibu mfupi usiobadilika: simama ubavu, raketi nyuma, onyesha mpira, toa pumzi, achia. Usikatize hatua hata moja, hasa baada ya kukosa.

Na usishike mipira mitatu kwa mkono mmoja. Kiganja kilichojaa hakiwezi kufungua vidole vyote kwa pamoja, na hapo kidole gumba kinarudi na makosa yake. Mmoja mkononi, mmoja mfukoni, inatosha. Suruali isiyo na mfuko ni sababu halisi ya mipira mibaya ya kuanzishia. Vaa yenye mfuko.

Sakafu, mvua na upepo

Korti za udongo huchimbika pale watu wanaposimama kupiga sevu, karibu na alama ya katikati ya mstari wa nyuma. Ukiangusha mpira kwenye shimo hilo, unaruka pembeni. Hama mita mbili kulia au kushoto, na usiangushie juu ya mstari wenyewe kama umetengenezwa kwa utepe uliopigiliwa misumari, kwa kuwa mpira huteleza hapo. Korti ikiwa imeharibika kila mahali, piga mpira bila kuudundisha: uinue kidogo kutoka mkononi, sentimita 20 hivi, uukute usawa wa kiuno.

Wakati wa mvua za masika na za vuli, mpira uliogusa udongo mbichi hubeba tope kwenye manyoya yake na kuwa mzito. Haudundi na hauruki mbali. Usiongeze nguvu kuufidia. Uweke kando ukauke, uchukue mwingine. Upepo ukivuma kukuelekea, shusha mkono wa kuachia hadi usawa wa mbavu ili mpira ukae hewani muda mfupi, kisha upige ukiwa chini kidogo kuliko kawaida.

Anayelisha mipira kutoka kwenye kapu

Kocha au mzazi anayelisha mipira hamsini mfululizo ana shida tofauti. Hawezi kuudundisha kila mmoja, atachoka yeye na kumchosha mwanafunzi. Simama karibu na mstari wa sevu, kapu liwe usawa wa nyonga upande wa mkono wa kushoto, lisikulazimishe kuinama. Tumia mshiko wa kontinenta, ule wa kushikia nyundo, na sukuma mpira kwa mpigo mfupi kutoka mkononi moja kwa moja. Toa mmoja kila sekunde 3 hadi 4, na usitoe mwingine mpaka mwanafunzi amemaliza mpigo wake na kurudi mahali pake. Mipira ikianza kufifia ubora baada ya thelathini hivi, bega limechoka, pumzika waokote. Na usiendelee hata kidogo kama kuna mpira umelala nyuma ya miguu ya mwanafunzi. Kifundo cha mguu kinaweza kuvunjika kwa mpira mmoja ulioachwa.

Ikifika jioni

Jua la Nairobi huzama kama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza halichelewi kuingia. Dakika ishirini za mwisho, mpira uliopaa mita mbili juu ya wavu huonekana vizuri kwako uliyeupiga, lakini kwa mwenzako unapotelea kwenye miti iliyo nyuma yako. Kama ameanza kuchelewa mipira aliyokuwa akiirudisha saa kumi na moja, shusha njia ya mpira hadi nusu mita juu ya wavu, punguza mwendo, na mwite kabla ya kila mmoja.